Mgongo wa boharia hauokolewi na hotuba ya "kunja magoti"

Askari wa ugavi hupangwa mstarini akaambiwa: kunja magoti, nyoosha mgongo, kisha inua. Akitoka hapo anarudi bohari, na sanduku alilotumwa liko sakafuni nyuma ya mengine mawili, halina hata mishikio. Magoti atayakunjia wapi? Anainama, anapinda kiuno, ananyoosha mikono hadi mwisho na kulivuta. Mafunzo yameishia mlangoni.

Nasema wazi: wengi wa askari hawa wanajua kuinua. Kinachowaumiza ni jinsi kazi ilivyopangwa, na mwenye uwezo wa kuipanga upya ni kamanda, si koplo anayebeba.

Hesabu zenyewe zipo. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilirekebisha mwaka 1991 kanuni yake ya kukadiria kikomo cha uzito unaofaa kuinuliwa kwa mikono. Inaanzia kilo 23, tena hali ikiwa nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko sentimita 75 kutoka sakafuni, mshiko ni mzuri na kiuno hakijapinda. Sogeza mzigo huohuo kutoka sentimita 25 hadi 50 mbele ya vifundo vya miguu, na kikomo cha kilo 23 kinakuwa 11.5. Ukiwa kwenye umbali huohuo, uanzie sakafuni, unabaki na chini ya kilo 9. Sanduku halijaongezeka hata gramu moja. Limewekwa pabaya tu. Kwa hiyo kupandisha masanduku mazito kwenye rafu ya usawa wa kiuno na kuacha vitu vyepesi vikae chini na juu kunaokoa migongo kuliko semina yoyote, na hakugharimu chochote zaidi ya mchana mmoja wa kupanga upya.

Kuna mizigo ambayo rafu haitoshi. Kombora la mzinga wa milimita 155 lina zaidi ya kilo 40. Dumu la lita 20 la maji linazidi kilo 20, na mara nyingi hubebwa kwa mkono mmoja, mwili mzima ukiwa umelalia upande. Hapa panahitajika toroli, meza ya kuinulia, foklifti, au watu wawili. Na wawili hawabebi mara mbili: mwongozo wa Uingereza wa kubeba mizigo kwa mikono unakadiria kuwa uwezo wa wawili ni kama theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao, kwa sababu hatua hazilingani na kila mmoja anamvuruga mwenzake. Kiongozi anayegawa mzigo kwa idadi ya vichwa amekosea tangu mwanzo.

Mikanda ya mgongo, ile inayofungwa kiunoni kuukaza mgongo, nayo isitufariji. Mwaka 1994 NIOSH hiyohiyo ilieleza kwamba haikuona ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kwa wafanyakazi wasio na majeraha. Fedha za mikanda hiyo zinunue ngazi za kushukia kwenye malori, maana kuruka kutoka nyuma ya lori ukiwa na buti na zana mwilini, siku baada ya siku, kunamaliza magoti.

Najua nitajibiwa kwamba vita haichagui urefu wa rafu. Ni kweli, na ndiyo maana mwili usimalizwe kabla. Sehemu kubwa ya kubeba hufanyika bohari, siku za kawaida, mahali ambapo kila kitu kinaweza kupangwa. Katika jeshi la Marekani, maumivu ya misuli na viungo ni miongoni mwa sababu kubwa za askari kwenda zahanati na kupewa kazi nyepesi. Wengi wao hawakuumizwa na adui.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile jibu: "Niko sawa, afande." Askari anashika kiuno kwa nyuma, anasubiri kidogo, anainua tena. Anaogopa kuitwa mvivu au kukosa kozi. Maumivu ambayo pengine yangepoa kwa kubadilishiwa kazi siku chache yanageuka kuwa ya miezi. Sajenti wa bohari aulize kila asubuhi nani anaumwa wapi, aandike bila kumkaripia mtu, na pembeni ya kila jibu aandike alikuwa akibeba nini na kutoka rafu ipi. Rafu ikijirudia kwenye daftari, ihamishwe wiki hiyohiyo.