Bekihendi ya mkono mmoja na ile sifuri ya Februari

Jumamosi moja, baada ya kunichapa 6-2, 6-3 kwenye tenisi, rafiki yangu wa uwanjani alikaa kwenye benchi, akafungua chupa ya maji na kunipa ushauri ambao sikumwomba. "Kaka, ongeza mkono wa pili kwenye hiyo bekihendi. Hata wakubwa wenyewe wamehama." Bekihendi ni lile pigo la upande usio wa mkono unaoshika raketi; la upande wa mkono huo ni forihendi. Ushahidi alikuwa nao mdomoni: Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ianze kutoa orodha ya ubora mwaka 1973, kumi bora ya wanaume haikuwa na hata mchezaji mmoja anayepiga bekihendi kwa mkono mmoja. Stefanos Tsitsipas aliteleza hadi nafasi ya 11, na kwisha habari.

Siku ile sikumjibu. Mtu aliyetoka kupigwa hana hoja. Lakini sifuri hiyo imenikaa kichwani tangu hapo, maana kila ninapokwenda naikuta imenitangulia, na kila anayeitaja huitaja kama cheti cha kifo.

Njia rahisi ya kuijibu ni kusema haikudumu. Miezi miwili haijatimia, Grigor Dimitrov alifika fainali ya Miami na kurudi kumi bora, na mwaka 2025 Lorenzo Musetti naye akaingia. Hilo ni jibu la mshabiki, sitaliegemea. Mmoja au wawili kati ya kumi bado ni wachache, na zamani walikuwa wengi. Swali linalonisumbua ni jingine: sifuri ile ilikuwa inahesabu nini hasa?

Wengi wa waliokuwa kumi bora mwezi ule walikuwa na umri kati ya miaka 20 na 28. Mtoto huamuliwa bekihendi yake akiwa na miaka sita, saba, nane. Maana yake uamuzi uliozaa sifuri ya 2024 ulifanyika miaka kama kumi na miwili hadi ishirini na miwili kabla, na aliyeufanya hakuwa mchezaji. Chukua mtoto wa miaka saba, mpe raketi inayomzidi uzito, mrushie mpira wa njano wa watu wazima unaoruka hadi usawa wa sikio lake. Ataongeza mkono wa pili bila kuambiwa na mtu. Kocha naye anapimwa kwa vikombe vya watoto vya mwisho wa mwezi, na mzazi yuko pale nje ya waya anahesabu pointi. Nani atamwambia mtoto huyo atoe mkono, apoteze mechi kwa miaka miwili, halafu tuone? Mwalimu wa Pete Sampras alimwambia. Sampras alikuwa na miaka kama 14, anapiga kwa mikono miwili. Akahamishiwa mkono mmoja, akawa anafungwa na vijana aliokuwa akiwafunga, kisha akaja kuchukua Grand Slam 14, yale mashindano makubwa kuliko yote, manne kila mwaka. Walimu wa namna hiyo hawakuwa wengi hata zamani.

Wengi wetu tumesoma na watoto wa mashoto waliochapwa viboko hadi wakaandika kwa mkono wa kulia. Ungeingia darasani siku hiyo ukahesabu mashoto, ungepata sifuri. Ungekuwa umejifunza kitu kuhusu mwalimu. Kuhusu mkono wa kushoto usingekuwa umejifunza chochote.

Sasa weka hesabu nyingine kando ya hiyo. Kuanzia 2014 hadi 2020 zilichezwa Grand Slam 27 za wanaume, kwa kuwa Wimbledon ya 2020 ilifutwa. Saba kati ya hizo zilikwenda kwa bekihendi ya mkono mmoja: Stan Wawrinka tatu, Roger Federer tatu, Dominic Thiem moja. Saba kati ya 27, katika zama ambazo Novak Djokovic na Rafael Nadal walikuwa wanagawana dunia kama shamba la urithi. Na Wawrinka hakuwa anaficha bekihendi yake. Alishinda kwa sababu yake. Fainali ya Paris (French Open) mwaka 2015 Djokovic, mwenye bekihendi ya mikono miwili inayosifiwa kuliko zote, alibaki anaangalia mipira ikimpita pembeni ya mstari.

Rafiki yangu atanikumbusha kwamba tangu Thiem, Septemba 2020, hakuna mwanamume wa mkono mmoja aliyechukua Grand Slam, na kwamba Tsitsipas alifika fainali mbili, Paris 2021 na Melbourne (Australian Open) 2023, akapoteza zote kwa Djokovic. Ni kweli tupu.

Tena upande wa mikono miwili una hoja nzito kuliko orodha yoyote. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bekihendi ya mikono miwili ni kama forihendi ya mkono wa kushoto inayosaidiwa na wa kulia. Unaweza kuupiga mpira ukiwa karibu na mwili, unaweza kuchelewa kidogo, unaweza kupiga ulio juu ya bega bila mkono kulegea, na sevu kali, pigo la kuanzisha pointi, unairudisha kwa mzunguko mfupi tu. Inasamehe. Anayetaka kuona kesi hiyo ikiendeshwa mahakamani atazame fainali ya Paris ya 2008: Nadal 6-1, 6-3, 6-0 dhidi ya Federer, kwa muda usiofika saa mbili. Nadal ni shoto, na forihendi yake ilikuwa ikiuzungusha mpira zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ukitua upande wa bekihendi ya Federer unapanda hadi begani, mahali ambapo mkono mmoja hauna nguvu ya kuusukuma. Federer alijua unapokwenda. Watu wote uwanjani walijua. Ulikwenda palepale.

Miaka karibu tisa baadaye, Melbourne, Januari 2017, watu walewale, mkono uleule. Federer ana miaka 35, ametoka kukaa nje miezi sita, seti ya tano yuko nyuma 1-3. Akachukua gemu tano mfululizo. Mwaka ule alikutana na Nadal mara nne, akamfunga zote nne.

Kilichobadilika ndicho ningependa wachezaji wa kawaida wakitazame kwa makini, kwa sababu ndani yake hakuna mkono wa pili. Raketi ilikuwa imekua: mwaka 2014 aliacha kichwa cha inchi 90 za mraba akachukua cha 97, kwa hiyo mpira usiogonga katikati kabisa haukufa tena. La pili ni mahali pa kusimama. Alikataa kurudi nyuma. Alikaa juu ya mstari wa nyuma, akaukamata mpira ukiwa bado unapanda, usawa wa kiuno au kifua, kabla haujafika begani. Na sevu ambazo miaka yote alikuwa anazirudisha kwa kukata, akaanza kuzipiga moja kwa moja. Bega bado lilikuwa udhaifu. Yeye aliacha kuupa mpira muda wa kulifikia.

Wapo wanaosema uwanja wa Melbourne mwaka ule ulikuwa na kasi, Nadal naye alikuwa anatoka kwenye majeraha, na Federer aliukwepa msimu mzima wa udongo. Yote kweli. Kwenye udongo wa Paris pengine tungeona tena ya 2008. Ila hakuna aliyesema bekihendi ya mkono mmoja ni dawa ya kila uwanja. Kilichosemwa ni kwamba imekufa.

Ngoja nishuke kwenye viwanja vyetu, ambako hakuna anayezungusha mpira mara 3,000.

Baada ya kipigo kile niliegemeza simu kwenye waya nikajirekodi. Nilidhani nitaona kasoro ya mkono wa kulia: kiwiko, kifundo, kitu cha aina hiyo. Nikakuta aliyeharibu kazi ni mkono wa kushoto. Ulikuwa unaachia shingo ya raketi mapema mno, mpira ukiwa haujavuka hata wavu. Ukiachia mapema, bega haligeuki. Bega lisipogeuka, kifua kinautazama wavu, na kilichobaki ni kusukuma kwa kiwiko kama mtu anayefungua mlango huku amebeba ndoo mikono yote miwili. Mpira unagongwa kando ya nyonga, kifundo kimekunjika, unaelea katikati ya uwanja, na mwenzako anajichukulia pointi. Kwa pigo la namna hiyo kiwiko nacho huanza kuuma baada ya miezi michache.

Mkono wa kushoto ndio unaovuta raketi nyuma, ndio unaogeuza bega, na ndio unaoishika raketi ili wa kulia upate nafasi ya kubadili mshiko. Mshiko wenyewe wengi hatubadilishi. Tunabaki na ule wa forihendi, uso wa raketi unatazama mawingu, halafu tunashangaa mpira unavyotoka nje. Kifundo cha chini cha kidole cha shahada kinatakiwa kikae juu kabisa ya mpini. Kisha, wakati raketi inakwenda mbele, kushoto kunarudi nyuma kama anayevuta upinde, ili kifua kisifunguke. Mpira unapigwa mbele ya mguu wa mbele, mkono umenyooka. Forihendi inaweza kukusubiri kidogo. Hii haisubiri.

Nilijiwekea sheria moja: mkono wa kushoto hauachii raketi mpaka mpira udunde upande wangu. Wiki tatu za kwanza nilikosa kuliko mwanzo, na kocha wetu, ambaye alianza kama mwokota mipira na amejifunza kwa kutazama kuliko wengi waliosomea, alikuwa ananidondoshea mipira kwa mkono na kusema neno moja tu: "Geuka. Geuka." Wiki ya nne mpira ulianza kutoa ule mlio.

Hapo ndipo ushauri wa rafiki yangu unapopungukiwa. Anauchukulia mkono wa pili kama nyongeza ya bure. Kwa mtu wa miaka arobaini na kitu anayecheza mara mbili kwa wiki, ni kuufundisha mkono wa kushoto pigo ambalo haujawahi kulipiga, huku miguu ikibaki ileile iliyochelewa. Utasamehewa kidogo, sawa. Lakini huenda ikakupotea slaisi uliyonayo, ule mpira unaoukata kwa mkono mmoja, na slaisi ndiyo nusu ya silaha. Serena Williams mwaka 2015 alikuwa mechi mbili tu kutoka kuzikamilisha Grand Slam zote nne za mwaka mmoja. Aliyemzuia kwenye nusu fainali ya US Open ni Roberta Vinci, kwa mipira iliyokatwa ikakataa kuinuka.

Kama ni kuhama, basi namfikiria Tatjana Maria wa Ujerumani. Yeye alihama kinyume na wote: alikuwa na mikono miwili, na akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza mwaka 2013 akajifunza mkono mmoja. Mwaka 2022, mama wa watoto wawili, alicheza nusu fainali ya Wimbledon. Mwaka 2025, akiwa na miaka 37, alichukua ubingwa wa Queen's jijini London, akiwakata kwa slaisi wasichana wanaopiga mpira kwa nguvu mara mbili yake. Simtoi kama kielelezo cha kila mtu. Alipata miezi mingi bila mashindano, na mume wake ndiye kocha. Namtaja kwa sababu anaonyesha bei: kuhama kokote, kwa upande wowote, kunagharimu muda ambao wengi wetu hatuna.

Kwa watoto nalegeza msimamo. Tangu 2012 kanuni za ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, haziruhusu mpira wa kawaida wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini. Kuna mwekundu wenye kasi pungufu kwa asilimia 75, wa machungwa kwa 50 na wa kijani kwa 25, na kwa mipira hiyo mtoto anakutana na bekihendi kiunoni badala ya sikioni. Mwenye mipira hiyo anaweza kumpa mtoto nafasi ya kuchagua. Lakini viwanja vingi nilivyopita, watoto hurithi mipira ya njano iliyochoshwa na watu wazima. Na Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, mambo ni magumu zaidi: hewa ni nyepesi, mpira unakimbia, ndiyo maana ITF ina aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mtoto wa miaka minane wa Nairobi anayepewa mpira wa kawaida, mwacheni ashike kwa mikono miwili. Mfundisheni slaisi ya mkono mmoja pembeni.

Mimi na rafiki yangu tumekutana tena mara nne. Amenifunga tatu. Sevu yake ya pili bado inaniruka begani upande uleule, na sijapata jibu lake kamili. Kwa sasa nasimama hatua moja ndani ya mstari nikiwa na ujasiri, na hatua mbili nyuma nikiwa sina, naikata ndefu katikati ya uwanja, halafu narudi kukimbia.