Mjusi wa Tendaguru na jiwe la mpwa wangu

Mpwa wangu alirudi kutoka shamba la mikorosho, upande wa Tendaguru, kilima cha huku Lindi, na jiwe zito lenye vitundu vidogo vidogo. "Mjomba, mfupa wa mjusi huu. Tunauza?"

Sisi wa Lindi tukitaja mjusi hatumsemi yule wa ukutani. Tunamsema dinosaria aliyechimbwa Tendaguru na kusimamishwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13.

Nilimwambia hatuuzi, na wala hakupaswa kuliokota. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu mabaki ya wanyama wenye uti wa mgongo na ya mimea yaliyogeuka mawe kuwa malikale. Kuyatafuta, hata bila jembe, kunataka kibali. Kuyavusha mpaka ndiyo usiseme.

Wapo wanaoona tumebanwa mno. Kule Lyme Regis, Uingereza, familia huenda ufukweni na kurudi na visukuku, yaani mabaki kama hayo, mfukoni. Mimi naitetea sheria yetu. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikapanda meli kwenda Ujerumani. Ikapita karibu karne nzima kabla ya dinosaria kupewa jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani: Australodocus bohetii, mwaka 2007. Nani atalaumu watu wa hapa wakiwa wachoyo wa kilichobaki?

Basi anayependa mambo haya akusanye picha. Weka sarafu pembeni ya jiwe ili ukubwa uonekane, acha simu irekodi mahali, kisha katoe taarifa kijijini au kwa afisa utamaduni. Hapo tu ndipo ninapolalamika: niliwahi kupeleka taarifa ofisi moja, na mpaka leo sijapata hata "asante, tumeona". Kijana akinyamaziwa hivyo mara mbili, mara ya tatu atamtafuta mnunuzi.

Wa Mtwara msihangaike kuja huku. Nendeni Mikindani mkasome kuta za nyumba kuukuu pale chokaa ilipobanduka: matumbawe ya kale yamejipanga humo, na kutazama hakuhitaji kibali.

Jumamosi tulilirudisha jiwe. Mpwa akazunguka mkorosho wa kwanza, wa pili, wa tano, kisha akasimama ananitazama. Hakumbuki aliliokota wapi.