Mzigo Mmoja, Wapagazi Watatu

Nilisoma seminari ndogo miaka miwili na nusu. Hiyo nusu msiniulize. Kwa ukoo wetu muda huo unatosha mtu kuitwa "msomi wa Kilatini" mpaka anazikwa. Msibani mimi ndiye wa kuongoza sala. Mtu akitoka hospitali naletewa karatasi ya daktari, eti dawa si zina majina ya Kilatini? Naigeuza juu chini, naguna, nasema arudi akamuulize daktari.

Sasa juzi mpwa wangu kaja likizo, naye kaingia seminari mwaka huu. Mimi najua kaja kula maharage ya anti yake. Kumbe kaja na daftari.

"Mjomba, nisaidie fero."

Jamani. Katika vitenzi vyote vya Warumi!

Kwa ambaye hakijamng'ata: vitenzi vingi vya Kilatini vina adabu. Amo ni napenda. Amas, unapenda. Amat, anapenda. Ukitaka "nilipenda" unasema amavi, na kile kichwa chake am- unakitambua hata umeme ukikatika. Ukikijua kimoja umejua mamia ya ndugu zake.

Fero maana yake nabeba. Pia naleta. Pia navumilia, yaani neno la kumtuma mtoto kiti ndilo hilo hilo la kukaa na mgeni aliyesema anakuja siku mbili. Hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza ukikizungusha: fero, fers, fert, ferimus, fertis, ferunt. Kwa utaratibu ingekuwa feris, ferit, feritis, lakini ile i imeshushwa njiani mara tatu, kisha kwenye ferimus unaikuta imekaa siti ya dirishani kama hakuna kilichotokea. Na "kubeba" si ferere, ni ferre.

Hayo bado ni mambo madogo. Ngoja ufike jana. "Nilibeba" ni tuli. Na "kilichobebwa" ni latum. Fero, ferre, tuli, latum: hivyo ndivyo unavyokariri, na ukiuliza fero kaenda wapi unaambiwa huyo ndiye yeye. Umepatana na fundi mmoja Jumatatu, Jumanne anakuja mwingine, Jumatano anatokea mtu hujawahi kumwona, na jioni wanadai ujira wa mtu mmoja kwa jina moja.

Padri aliyetufundisha, mzee mpole sana, alitueleza kwamba tuli na latum ni ndugu wa damu. Tuli zamani ilikuwa tetuli. Latum ilikuwa tlatum, ila ulimi wa Warumi ulikataa kuanza neno na tl, ukaitema t. Wote ni wa ukoo wa tollo, nainua, naondoa. Hiyo tollo Wakatoliki mnaijua: qui tollis peccata mundi, uondoaye dhambi za dunia. Sasa fero kwa kuwa hakuwa na wakati uliopita wake mwenyewe, akachukua wa tollo. Na tollo akitaka kusema "niliinua" anasemaje? Sustuli. Mtu kaibiwa shati, anaenda kuliazima kwa mwizi, analipata limetiwa kiraka kifuani!

Na hiki kitenzi fero kina watoto. Affero, naleta hapa: attuli, allatum. Aufero, naondoa: abstuli, ablatum. Offero, natoa sadaka: obtuli, oblatum. Differo, naahirisha: distuli, dilatum. Hiki cha mwisho ndicho nilichokielewa vizuri, maana nilikiahirisha mpaka asubuhi ya mtihani. Kwenye "niliondoa" nikaandika auferavi. Padri alikizungushia wino mwekundu, akavua miwani, akatazama dirishani muda mrefu sana. Nadhani ile nusu ilianzia hapo.

"Mjomba, na amri? Beba! Ni fere?"

"Fer. Basi. Kimekatwa mkia. Viko vinne: dic, sema, duc, ongoza, fac, fanya, na hiki." Nikapandwa na mori. Nikawasema Warumi. Watu walijenga barabara zimenyooka vile, halafu mdomoni makona matupu! Lugha yenye nidhamu ni yetu, nikasema. Soma, unasoma. Pika, unapika. Beba, unabeba. Mtu mzima anaishi kwa amani.

Mama Neema yuko jikoni, anakoroga. Hakugeuka hata.

"Kuleta je?"

"Kuleta nini?"

"Nikikutuma nasema leta?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Lete.

"Na kuja? Nasema ja? Na kwenda?"

Njoo. Nenda. Miaka hamsini na mbili nazungumza Kiswahili, sijawahi kuona kwamba neno la kuleta limevunja sheria kwetu kama lilivyovunja kwao. Na huyu mwanamke hajakanyaga seminari. Mpwa wangu anaandika kila kitu, kalamu inalia karatasini.

"Kwa nini inaishia na e, mjomba?"

Nikamwambia neno likishikwa na kila mtu kila siku linakaa lilivyokaa, hakuna anayepata nafasi ya kulinyoosha. Maneno ya mara moja kwa mwaka ndiyo yanayofuata kanuni. Hilo nalisimamia, hata mbele ya padri. Akaniuliza basi mbona beba nayo ni ya kila siku na imenyooka. Nikasema tutaendelea kesho. Differo.

"Baba Neema, gesi imeisha. Maharage bado magumu."

"Nasikia."

"Mtungi huo mlangoni. Fer."

Mtoto akacheka mpaka akadondosha kalamu. Mimi sikucheka. Tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa, na mtungi ukijaa unakuwa na roho yake. Nikateremka, nikabadilisha, nikapanda. Ghorofa ya pili nikautua, jirani akanipa pole, nikaupokea mzigo tena. Kufika jikoni natweta, jasho mpaka kwenye nyusi, nikaubwaga mtungi na kutangaza kwa fahari kwamba nimeleta:

"Tuli!"

"Nitakuwaje tuli," akasema Mama Neema, "na maharage hayajaiva?"