Azimio la kumsifu daktari: karatasi ya ukutani au ngao?

Sebuleni kwa jirani yangu wa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, mama aliyeuguza watu miaka na miaka kabla ya kustaafu, imetundikwa hati ya heshima. Muhuri umeanza kufifia, na moshi wa makaa umekipaka kioo rangi ya chai pembeni. Nilipomuuliza alipewa na nani, alicheka. "Wakubwa. Walitupa soda, tukapigwa picha. Primu, ile nyongeza ya mshahara, ya miezi ile naingoja hadi leo."

Nimemkumbuka kwa sababu ya desturi ya mabunge kumtungia daktari azimio la sifa. Marekani ni jambo la kawaida. Mbunge wa jimbo anampendekeza daktari wa eneo lake, sifa zinapangwa aya kwa aya, kila moja ikianza na "Kwa kuwa": kwa kuwa alisomea pale, kwa kuwa amepasua mioyo ya watoto, kwa kuwa ni mume mwema. Mwishoni inakuja "Kwa hiyo imeazimiwa", ukumbi unaitikia ndiyo, daktari anapewa nakala yenye muhuri. Azimio hilo si sheria, halimfungi mtu wala halitoi hata senti.

Wanaolibeza wana hoja. Kura isiyogharimu kitu humpa mbunge umaarufu wa bure. Mwaka 1995 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilijikataza lenyewe kutenga siku na wiki za kuadhimisha hiki na kile, maana shughuli hizo zilikuwa zinakula muda wa kazi. Kwetu hofu yangu ni nyingine: sifa hukalia kiti cha deni. Muuguzi aliyesifiwa mbele za watu huona haya kurudi kesho yake kudai mshahara.

Hata hivyo, mtu wa Bukavu hawezi kuyacheka tu makaratasi haya. Denis Mukwege, daktari anayewatibu wanawake waliobakwa, aliyeanzisha hospitali ya Panzi hapa Bukavu mwaka 1999, alivamiwa nyumbani kwake Oktoba 2012. Mlinzi wake aliuawa, yeye akaponea chupuchupu na kuondoka nchini. Waliomvuta arudi Januari 2013 hawakuwa wabunge. Walikuwa akina mama, wakiwemo wa kisiwa cha Idjwi waliouza mananasi na vitunguu ili wachange nauli yake ya ndege. Heshima hiyo haina muhuri, na mimi naiweka juu ya zote, hata ya Nobel aliyoipata mwaka 2018.

Bunge la Ulaya lilimpa tuzo yake ya haki za binadamu, ya Sakharov, mwaka 2014. Mwaka uliofuata, serikali ya Kinshasa ikazuia kwa muda filamu kuhusu kazi yake. Kumbe makofi ya ugenini hayafungui milango ya nyumbani, na wapo wanaosema yanamfanya daktari aonekane mtu wa Wazungu. Sikubaliani nao, ingawa naelewa uchungu unaotoka wapi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Baada ya mauaji ya wanakijiji wa Kipupu, huku Kivu Kusini, mwezi Julai, Mukwege alipaza sauti akidai haki, akaanza kutishiwa kuuawa. Tarehe 17 Septemba Bunge hilo hilo la Ulaya lilipitisha azimio juu yake. Safari hii halikuishia kwenye sifa: lililaani vitisho na kuitaka serikali ya Kongo ivichunguze. Walinzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kurudi Panzi siku chache kabla, kwa hiyo sitasema karatasi ndiyo iliyowarudisha. Lakini anayepanga kumwua mtu gizani hapendi jina la mtu huyo lisomwe ukumbini.

Ndiyo maana mimi naruka aya zote za "kwa kuwa" na kuanza kusoma pale penye "kwa hiyo". Kama hapo hakuna anayetakiwa kufanya lolote, basi ni ile hati ya jirani yangu.

Bunge letu la jimbo la Kivu Kusini likitaka pa kuanzia, Lemera ipo, humu humu jimboni. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa waliuawa vitandani katika hospitali ile, na wauguzi pamoja nao. Mukwege ndiye aliyekuwa mganga mkuu wake. Aya za "kwa kuwa" ziwe majina yao, mmoja mmoja, na "kwa hiyo" iseme ni mahakama ipi itakayosikiliza kesi.