Jua kali si wimbi la joto

Utabiri ukitaja "wimbi la joto" mwezi wa Februari, jibu la Kisumu ni lile lile: wimbi gani tena, na hapa jua limekuwa kali tangu enzi za mababu? Wana hoja. Uingereza hutangaza wimbi la joto kiwango cha eneo kikifikiwa siku 3 mfululizo, na kwa London kiwango hicho ni nyuzi 28. Kwa kipimo hicho Kisumu tungekuwa wimbini karibu mwaka mzima. Na onyo la kila siku huzoeleka, likazoeleka halisikiki.

Ila hilo "jua kali" letu linaficha kitu. Jua hukimbiwa. Wa bodaboda husogea chini ya mwembe, mama wa omena hufungua mwavuli, magharibi ikifika kila mtu anashusha pumzi. Wimbi la joto halitui na jua. Ingia chumba cha mabati pale Nyalenda saa nne usiku: ukiugusa ukuta bado una moto, dirisha limefungwa kwa hofu ya wezi, mtoto amelazwa kwenye simiti maana godoro halilaliki. Usiku ndio mwili hupumzika na joto la mchana. Ukinyimwa nafuu hiyo, moyo huamka na uchovu wa jana, keshokutwa ukaongezewa mwingine, kwa hiyo siku ya tatu humwangusha mzee aliyeivumilia ya kwanza, hata kipimo kikiwa hakijapanda. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, na usiku wa Paris ulikuwa haupoi.

Tena nyuzi tunazosomewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa. Hakuna anayepima chini ya mabati.

Ziwa nalo lina lake. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ikishiba unyevu linachuruzika bure. Kiswahili kina neno la hali hiyo, fukuto, na sijui kwa nini halitumiki kwenye matangazo.

Kwa hiyo wanaotaka kiwango chetu wenyewe nawaunga mkono, bora kihesabu na usiku. Nikiambiwa "fukuto siku 4, usiku hautapoa", nitajua kumhamishia nyanya kitanda sebuleni penye madirisha mawili, na kumwekea mtungi wa maji karibu kabla sijalala.