Ayurveda na hija ya Kihindu: tiba mbili zisizoenea katika wiki moja

Haridwar na Rishikesh, miji miwili ya kandokando ya mto Ganga kaskazini mwa India, inauza hija na tiba kwa pamoja. Alfajiri msafiri anaoga mtoni, mchana anakandwa mafuta, jioni anahudhuria ibada ya taa, na siku ya tatu au ya nne anapandishwa gari kuelekea Kedarnath, hekalu la milimani. Wanaoutetea mpango huu wanasema mwili na roho havikutenganishwa tangu enzi za marishi, wahenga watakatifu wa kale. Wanaoupinga wanaona ni biashara iliyovishwa vazi la dini. Pande hizo mbili zinaweza kubishana hadi kukuche na bado zisimguse mgonjwa mwenyewe, kwa sababu shida yake ni nyingine: tiba ya Ayurveda, yaani utabibu wa jadi wa India, ina ratiba yake, hija ina yake, na ratiba hizo hazilingani.

Watetezi hawakosi ushahidi. Katika simulizi ya miungu na asura, mahasimu wao, waliokoroga bahari ya maziwa, anayeibuka na chungu cha amrita, kinywaji cha kutokufa, ni Dhanvantari, tabibu wa miungu. Matone ya amrita hiyo ndiyo yanayosemwa kudondokea Haridwar, Prayagraj, Ujjain na Nashik, miji minne ya Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji. Na Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya Ayurveda, inagawa tiba katika mafungu matatu: ile inayotegemea nguvu za kimungu, ile inayotegemea hoja, yaani chakula na dawa, na ile ya kuizuia akili isikimbilie yanayodhuru. Katika fungu la kwanza, pamoja na mantra, sadaka na mfungo, imo pia safari ya kwenda mahali patakatifu, kwa jinsi wafasiri wanavyolieleza.

Anayetaka kuuona muungano huo ukiwa hai aende kusini, Kerala. Guruvayur, kabla hakujapambazuka, sanamu ya Krishna humiminiwa mafuta ya ufuta, na mafuta yale hukusanywa wakapewa waumini wanaoumwa viungo. Hapo ndipo Melpathur Narayana Bhattathiri, mshairi wa karne ya 16 aliyelemazwa na baridi yabisi, alipotunga Narayaneeyam, utenzi wa Kisanskriti wenye sehemu 100. Mapokeo yanasema alitunga sehemu moja kila siku, akapona siku ya 100. Irinjalakuda, hekalu la Koodalmanikyam hugawa mukkudi, dawa ya tumbo ya mitishamba iliyotiwa katika mtindi. Hutayarishwa na ukoo wa Kuttanchery Mooss, mmoja wa koo za matabibu waitwao ashtavaidya. Dawa hiyo ina mtengenezaji anayejulikana na siku yake maalumu katika mwaka, tofauti na kopo la vidonge linalochuuzwa kwenye kituo cha mabasi.

Upande wa pili nao una lake. Vagbhata, aliyeandika kitabu kinachotegemewa zaidi na matabibu wa Kerala, anahesabiwa na wanazuoni wengi kuwa alikuwa Mbudha au mtu wa karibu na Ubudha. Sri Lanka Ayurveda imeishi miongoni mwa Wabudha. Wagonjwa kutoka Oman na nchi nyingine za Ghuba huenda Kerala msimu wa mvua wakatibiwa kwa mafuta yaleyale na haluli zilezile, ilhali hekalu la Guruvayur haliwaruhusu kuingia, kwa kuwa ni la Wahindu tu. Serikali ya India yenyewe ilianza mwaka 2016 kuadhimisha Siku ya Ayurveda katika sikukuu ya Dhanteras, siku ya Dhanvantari, kisha mwaka 2025 ikaihamishia tarehe 23 Septemba. Sababu iliyotolewa ni kwamba Dhanteras huhamahama kila mwaka. Sababu ya kiofisi, ndiyo, lakini inaonyesha kuwa taaluma hii inaweza kusimama bila kalenda ya hekalu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo vifurushi vya hija na tiba vya siku tatu vinapoanguka. Chukua tiba ya kuharisha, virechana, mojawapo ya zile tano za panchakarma, yaani tiba za kusafisha mwili. Kwanza mgonjwa hunywa samli yenye dawa asubuhi, tumbo likiwa tupu. Mara nyingi huanza na kama mililita 30 siku ya kwanza, kipimo kikipandishwa kila siku kwa siku 3 hadi 7, mpaka choo kiwe na mafuta, ngozi ilainike na mgonjwa aichukie samli. Kisha siku 3 za kuchuliwa mafuta na kufukizwa. Halafu siku moja ya haluli, na tabibu anahesabu mara mgonjwa anazokwenda choo: 10 ni usafishaji hafifu, 20 wa wastani, 30 wa kina. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua siku za kurudishwa kwenye chakula: 3, 5 au 7. Huanza uji mwepesi wa mchele, kisha mzito, kisha supu ya choroko, ndipo chakula cha kawaida. Jumla haipungui siku 10 na hufika 18. Baada ya hapo miiko huendelea kwa muda ulio maradufu ya siku za tiba.

Anayeruka samli na kwenda moja kwa moja kwenye haluli hupata msokoto wa tumbo na unyonge. Anayekula vyakula vya kukaangwa vya sherehe kesho yake hutapika. Mwenye kisukari anayejichoma insulini kwa kipimo cha kawaida huku akila uji mwembamba huweza kuanguka kwa upungufu wa sukari, na anayemeza vidonge vya kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu hupoteza maji na potasiamu mara mbili.

Charaka ameorodhesha mambo 8 ambayo mgonjwa wa panchakarma lazima ayaepuke: kusema kwa sauti kubwa, kutikiswa na chombo cha safari, kutembea mno, kukaa mno, kula kabla cha awali hakijasagika, kula kisichofaa, kulala mchana na kujamiiana. Ukiyapanga hayo kando ya hija, manne au matano ya mwanzo ndiyo hija yenyewe. Kedarnath iko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Gaurikund, iliyo chini kidogo ya mita 2,000, ni mwendo wa kilomita 16 hivi wa kupanda. Mwili uliotoka kuharishwa hauna akiba ya maji wala chumvi ya kupandia huko, na hewa ni nyembamba. Mahujaji wanaokufa kwa moyo njiani huwapo kila msimu hata bila haluli.

Kerala nayo haijasalimika. Mwezi wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, ndio mwezi wa tiba na pia mwezi wa kusoma Ramayana, utenzi wa mungu Rama. Waumini huzunguka mahekalu manne ya Rama na ndugu zake kwa siku moja, Irinjalakuda likiwamo, wakipanga foleni kwenye mvua. Kitabu cha tiba kinasema lala ndani, usipigwe na upepo.

Kuhusu dawa za kubeba nyumbani, nina ukali zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu 21 kwa kila 100 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Si uchafu wa kiwandani pekee. Tawi la rasashastra hutia madini makusudi. Yogaraj guggulu na Mahayogaraj guggulu, zote za baridi yabisi, zinafanana jina, lakini ya pili ina majivu ya risasi na zebaki iliyosindikwa. Pasipo nambari ya leseni na orodha ya viungo, usinunue, hata kama aliyekuuzia amevaa vazi la rangi ya zafarani la watawa. Haridwar ndiko yaliko makao ya Patanjali Ayurved, kampuni ya mwalimu wa yoga Ramdev na mshirika wake Balkrishna, ambayo Mahakama ya Juu ya India iliibana mwaka 2024 kwa matangazo ya kupotosha mpaka wakaomba radhi hadharani. Sifa ya mji mtakatifu haipimi kidonge.

Kwa anayetaka vyote viwili, hija itangulie na tiba ifuate, baada ya siku kadhaa za kupumzika. Akianza na tiba, angoje miiko imalizike: siku 16 za tiba ni siku 32 za kungoja. Kama nadhiri haiwezi kusubiri, achague ile ya kukaa kwenye hekalu moja, jirani na tabibu wake, asizungukezunguke. Melpathur mwenyewe, ambaye vifurushi vingi humtaja, hakusafiri popote kwa siku hizo 100.