Kilomita Chache, Pedali Kipara

Jamani, mwenzenu natafuta gari. Si jipya, tuheshimiane. La mtumba, ila liwake asubuhi bila kuamsha majirani waje kusukuma. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Huu mwezi wa tatu, nimeinama chini ya magari ya watu hadi kiuno kinanidai.

Kwanza madalali wana kamusi yao. "Ni mafuta na funguo tu, bosi," maana yake weka mafuta, mengine utayajua mbele ya safari. "Lina kakelele kadogo": ukiwasha, ndege wanahama mti. "Injini haijaguswa" nilidhani ni sifa, mpaka fundi wangu akauliza, haijaguswa hata kubadilishwa oili? Halafu kuna yule mmiliki mmoja tu, mama mtu mzima, aliyekuwa akilitumia kwenda ibadani tu. Huyo mama! Nimeshaonyeshwa magari yake saba.

Hili la juzi nalo lilikuwa lake. Umri miaka 15, rangi inang'aa hadi nikaona mvi zangu mlangoni. Kwenye dashibodi, kilomita 62,000. Dalali kasimama pembeni kama baba wa bwana harusi. Nikapiga hesabu kwenye simu: ni kilomita 4,000 na ushee kwa mwaka, hata 12 kwa siku hazifiki. Wengi wetu hapo tungeshakuwa kwenye laki mbili. Moyo ukadunda.

Nikainama kuangalia pedali ya breki. Mpira wake umelika upande mmoja, mistari yote imefutika, chuma kinachungulia. Kilomita 12 kwa siku, na mguu umetafuna mpira kiasi hicho? Mama alikuwa anaendesha au anatwanga? Namba za kilomita hurudishwa nyuma, hilo si siri, siku hizi ni kuchomeka kompyuta na kuchagua umri unaoutaka. Ila pedali huwa wanaisahau.

Matairi je? "Mapya hayo, kaka." Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Yameandikwa 0911. Wiki ya 9, mwaka 2011. Nikamwonyesha. "Ndiyo, lakini hayajatembea." Sawa, labda yalikuwa yanasubiri ibada.

Nilikuwa na sumaku ya mwanangu mfukoni. Nikaigusisha mlangoni juu, ikashika. Chini kidogo, ikadondoka. Pale hakuna bati la kushikwa, ni puti tupu iliyopakwa rangi. Nikaiokota kimya kimya, maana hata mimi niliona aibu kwa niaba ya mlango.

Nyumbani mpwa wangu, msomi wa uchumi, akanifariji. "Mjomba, usijilaumu. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja, George Akerlof, aliandika makala juu ya jambo hili hili. Muuzaji anajua ubovu, wewe hujui, basi unatoa bei ya mashaka. Mwenye gari zuri anaona bora abaki nalo. Sokoni yanabaki mabovu." Akasema majarida matatu yaliikataa makala hiyo, na mwaka 2001 jamaa akapata Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Mimi nawashuku wale wahariri, lazima walikuwa na magari wanauza.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu. Dalali anaimba "bei chee, bei chee". Haya, bei chee, ongeza matairi manne. Ongeza shokapu. Ongeza mkanda wa taiming, ambao hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini, na kwenye injini nyingi ukikatika njiani vali zinagongana na pistoni, unaanza kutafuta injini nyingine. Nilipojumlisha nikajikuta nimefika bei ya lile gari jingine, la kilomita 180,000, rangi imefifia kama shati la kulalia, ila mwenyewe ana faili zima la risiti za sevisi, hadi ya balbu. Nililipita hilo pua juu. Limeshanunuliwa. Na aliyelinunua ananipigia honi.

Fundi akanipa shauri: hilo la mama kaliangalie alfajiri, injini ikiwa baridi. Ikishapashwa moto inaficha mengi, ugumu wa kuwaka, ule moshi wa bluu wa oili inayoungua, wote unakuwa umeshapulizwa kabla hujafika. Na ufungue kifuniko cha oili, ukikuta povu jeupe jeupe ujue huenda maji yanaingia. Basi usiku nikampigia dalali: tafadhali usiliwashe kabla hatujafika. "Wala usijali, kaka."

Saa 11:30 alfajiri tukafika, mimi na fundi na tochi yake. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto kama pasi.

"Mbona la moto?"

"Jua hilo, kaka."

Nikatazama juu. Nyota zilikuwa bado zipo kazini. Fundi akanitazama mimi, mimi nikalitazama gari. Jamani, lilikuwa linang'aa hata gizani.

"Bei ya mwisho ngapi?" nikasikia mdomo wangu unauliza.